Kuku Mzima Asiyetaga

Mama alishuka kwenye basi la Bukoba pale stendi ya Nyegezi akiwa na mkungu wa ndizi, kopo la senene na kapu lenye kuku. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumpokea. Mimi nilikuwa nyumbani Butimba, nimekaa uani kwenye kiti cha plastiki, nangoja. Tangu kiharusi kinipige, kungoja ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kilinipata darasani nikiwa nimeshika chaki. Chaki ilianguka, wanafunzi wakacheka kwa kudhani nimefanya makusudi. Nikataka kuwaambia wanyamaze, maneno yakanitoka kama uji unaomwagika. Hapo wakanyamaza wenyewe. Hospitalini walinihudumia vizuri, nawaombea baraka hadi leo, wakanirudisha nyumbani nikiwa hai. Ila upande wa kulia ulibaki mzito, na ulimi nao ukabaki mzito.

Mtaalamu wa mazoezi alinipa fimbo ya chuma yenye miguu minne, akaniagiza nitembee kila siku hadi getini na kurudi. Mwanzoni nilifanya hivyo. Halafu asubuhi moja nikamsikia mpita njia akimwuliza mwenzake, "Yule mwalimu ndiyo amekuwa hivyo?" Hakusema kwa ubaya. Lakini nilirudi kwenye kiti changu, na tangu hapo sikwenda tena getini. Kuongea nako nikaacha. Mtu akiniuliza jambo nilitikisa kichwa, au nilinyoosha mkono wa kushoto, na hilo likawa jibu. Watoto wetu wote wawili wako shule za bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Mama alipoingia uani nilijitahidi kumwamkia. "Shikamoo" yangu ilitoka nusu.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kana kwamba nimeitamka yote. Kisha akaniwekea lile kapu mapajani. Ndani kulikuwa na tetea mwekundu mwenye shingo nyeusi, macho makali, amechoka safari lakini hana woga. "Huyu ni wako. Mama yake anataga mpaka unamhurumia. Utakula yai kila asubuhi hadi mkono huo unyooke."

Yeye mwenyewe hali mayai. Alipokuwa msichana, wanawake wa kwao hawakuruhusiwa kula kuku wala yai, na ruhusa ilipokuja hamu haikuja nayo. Lakini kwa mgonjwa aliamini kwamba hakuna dawa kama yai la kuku wa kienyeji.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mama yangu na mume wangu. Mimi ni Mhaya, mume wangu ni Mjita wa upande wa Musoma, mtoto wa wavuvi, na kazi yake ni kutengeneza injini za boti, nyingine huja kuzijaribia hapa nyumbani. Katika mengi makabila yetu hayafanani, lakini katika hili tunakubaliana: mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Miaka yote ya ndoa yetu hawakuwahi kupeana mkono. Mume wangu alimsalimia mama akiwa amesimama mlangoni, macho chini. Mama akiwa jikoni, yeye alikula sebuleni. Walipotaka kuambiana kitu walipitia kwangu. "Mwambie mama kuna maji ya moto." "Mwambie baba ahsante." Sasa mimi nilikuwa nimeacha kuongea, na njia yao ikawa imefungwa. Wiki ya kwanza waliishi kwenye nyumba moja kama watu wawili walio ng'ambo mbili za ziwa.

Kuku alijengewa kibanda kidogo karibu na geti, kwa mbao zilizobaki kwenye kazi za mume wangu. Mama akaweka ndani sanduku lenye nyasi. Kila asubuhi aliinama, akatia mkono, akautoa mtupu.

"Ni mgeni," alisema siku za mwanzo. "Kuku akihama hushtuka. Tumpe nafasi."

Tukampa nafasi. Kuku alikula pumba, akala mabaki ya ugali, akafukuza mijusi yenye vichwa vyekundu kwenye ukuta, akaoga vumbi mchana. Alinawiri. Yai hakuna.

Jioni moja mume wangu alirudi na dagaa wakavu kwenye mfuko. Akasimama mlangoni, akakohoa kidogo, akasema huku akiuangalia ukuta, "Kwetu kuku asipotaga anapewa dagaa. Anakuwa amepungukiwa na nguvu."

Mama naye akaujibu ukuta. "Dagaa ni wazuri. Lakini apondewe na magamba ya konokono, ili yai lipate ganda."

Kesho yake mume wangu akaleta magamba ya konokono kutoka ufukweni, mfuko mzima. Mama akayaponda kwenye kinu. Kuku akala dagaa na magamba, manyoya yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Yai hakuna.

Mama akamkagua chini ya mabawa akitafuta utitiri, hakuona. Akatazama kama ananyonyoka manyoya, maana kuku akibadilisha manyoya husimama kutaga. Hakuwa amenyonyoka hata unyoya mmoja. Akasema labda amenenepa mno, akampunguzia chakula. Kuku akapanda mezani akala ndizi zetu. Nilicheka siku hiyo, kwa sauti, na mama akanitazama haraka halafu akageukia sufuria yake. Nadhani hakutaka nione uso wake.

Halafu ikaja asubuhi ya vidole. Mume wangu alikuwa anafunga kamba za buti atoke kwenda kazini. Mama alimkamata kuku, akamlaza kwapani kichwa kikiwa nyuma, akapapasa chini ya mkia. Akatulia. Akapapasa tena.

"Njoo, leta mkono wako," akaniambia. Nikampa wa kushoto. "Huo mwingine."

Akauchukua mkono wangu wa kulia, ule uliokufa ganzi, akauweka penye manyoya ya joto. "Kuna mifupa miwili hapa. Kuku asiyetaga, mifupa hii hukaribiana, hata kidole kimoja hupita kwa shida. Huyu vidole vinalala vitatu. Na mtazame upanga wa kichwani ulivyo mwekundu." Akamwachia kuku, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Sisi tunauliza kwa nini hatagi. Huyu anataga."

"Sasa anataga wapi, mama?" akauliza mume wangu.

Aliuliza akimtazama usoni. Nafikiri hata yeye hakujua alichofanya. Mama akamjibu vilevile, uso kwa uso, "Sijui, baba. Au anaficha, au kuna anayetuwahi." Kisha wote wawili wakakumbuka, yeye akaangalia buti zake, mama akaangalia mbali. Lakini lilikuwa limeshatamkwa.

Wakaanza na huyo anayetuwahi. Mume wangu alimshuku kenge, kwa kuwa nyuma ya nyumba yetu kuna majabali makubwa, kama mnavyojua milima ya Mwanza, na kwenye nyufa zake huishi pimbi, kenge na vingine ambavyo sitaki kuvifahamu. Mama alimshuku mbwa wa jirani. Ili kupata hakika, mama alinunua yai dukani, akalitia alama ya mkaa, akaliweka kwenye sanduku la kibanda. Lilikaa pale siku kadhaa bila kuguswa na mtu, mbwa, kenge wala kuku mwenyewe. Basi hapakuwa na mwizi kibandani.

Hata hivyo mama hakuridhika na habari ya mbwa. Akaenda kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma anayeanika dagaa na kuwauza kwa jumla. Niliogopa. Majirani hugombana kwa mambo madogo kuliko yai. Nilimsikia mama akizunguka mbali, akiuliza habari za afya, za watoto, za bei ya dagaa, ndipo akafika kwa mbwa.

Jirani aliangua kicheko. "Huyu mbwa, mama? Huyu anakimbia hata kifaranga! Lakini ngoja nikwambie. Mchana nikiwa napepeta dagaa zangu nasikia kuku anatetea huko juu kwenye mawe. Mimi nilidhani ni wa watu wa mtaa wa juu."

Mama akarudi akitembea kwa haraka. Tangu siku hiyo akaanza kumwinda kuku wake. Asubuhi alimfungia, akamwachia jua likishapanda, akamfuata. Lakini kuku alikuwa na akili. Akimwona mama nyuma yake, alisimama akadonoa kitu ambacho hakikuwepo, akajikuna, akarudi uani kama mtu aliyesahau alichokuwa anakifuata. Mume wangu alijaribu siku moja kabla ya kwenda kazini. Kuku akaingia chini ya gari bovu la jirani, akakaa humo mpaka yeye akachelewa.

Mimi kuku hakunijali. Nilikuwa nakaa palepale kila siku, bila kusimama, bila kusema. Alinipita miguuni kama anavyopita kwenye kinu.

Ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda kanisani, na mume wangu alimsindikiza, akitembea hatua nyingi nyuma yake kama inavyompasa. Mimi nilibaki, kama Jumapili zote za kipindi hicho, kwa sababu sikutaka watu wanione. Kabla ya kuondoka mama alimwachia kuku, akanisogezea fimbo na chupa ya chai, akasema, "Hatutakawia."

Nilikuwa nakunywa chai wakati kuku alipokuja. Akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa upande, akanitazama kwa jicho moja. Kisha akaenda moja kwa moja, bila kudonoa chochote, hadi kwenye ua wa minyaa nyuma ya nyumba, akapenya.

Sikufikiri. Kama ningefikiri ningebaki kwenye kiti. Nilishika fimbo nikainuka nikamfuata. Penye pengo la minyaa nilipita ubavu, utomvu ukanidondokea kwenye gauni. Upande wa pili mwamba unaanza, kwanza umelala kama sakafu, baadaye unapanda. Kuku alikuwa mbele, anatembea taratibu, haangalii nyuma. Nilipanda. Fimbo ya miguu minne haikutengenezwa kwa ajili ya mawe. Ilikuwa inateleza na kupiga kelele, nikaiacha imelala. Nikaendelea kwa magoti na mkono mmoja, mguu wa kulia nikiuburuta nyuma. Jiwe lilikuwa la moto. Nilipumua kama mzee. Mara mbili nilitaka kurudi, na kila nilipotazama chini nikaona kurudi ni kugumu kuliko kwenda.

Kati ya jabali moja kubwa na lingine lililoliegemea palikuwa na upenyo, giza, umejaa majani makavu yaliyoletwa na upepo. Kuku aliingia humo. Nilijivuta nikachungulia. Alikuwa ameketi, manyoya yamefumuka, na chini yake na pembeni yake kulikuwa na mayai, ya rangi ya chai ya maziwa, yamekusanyika kama yaliyopangwa na mtu kwa uangalifu. Akaguna kidogo. Nikaomba radhi, kwa moyo, nikarudi nyuma.

Nikakaa juu ya jiwe. Miguu ilikuwa inatetemeka yote miwili, hata ule mzima, nikajua sitaweza kushuka. La ajabu ni kwamba sikuogopa. Kutoka pale niliona mabati ya mtaa wetu, na mbele yake ghuba yote, maji yanameta, mtumbwi mmoja ukielekea ng'ambo, au kokote ulikokuwa unaelekea. Ziwa nilikuwa sijaliona tangu niugue, ingawa liko palepale na mimi niko palepale.

Kisha nikawaona wamerudi. Mama aliingia getini akiwa na kitenge chake cha kanisani na kilemba kirefu. Akakiona kiti. Akakiangalia kile kiti kitupu, na mkoba ukamdondoka. Akaniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo hakuna mwingine aliye hai analolijua. Akakimbilia chooni, akagonga, akafungua. Akakimbilia tangi la maji, akapanda kwenye tofali, akachungulia ndani. Nilipoona hivyo, kwamba mama yangu anachungulia ndani ya tangi akinitafuta mimi, kitu kifuani kwangu kikafunguka.

"Mama!" nikapiga kelele. "Niko huku juu! Nimeyaona! Nimeyaona mayai!"

Maneno hayakuwa mazuri. Lakini yalitoka yote, na yalisikika. Jirani alinieleza baadaye kwamba aliacha ungo wake akatoka nje akiuliza nani huyo. Mume wangu alitokea kwenye minyaa mbio, shati limechanika begani. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri, akaweka mikono kichwani. Alikuwa anacheka au analia, kutoka juu sikuweza kutofautisha.

Walinifikia wote watatu, maana jirani naye alipanda. Mume wangu alinishika uso kwanza, akanitazama macho, akataka kunibeba mgongoni. Lakini mteremko ulikuwa mkali, na mkono wangu wa kulia usingeweza kushikilia shingo yake.

"Kiti cha mikono," alisema jirani. "Wawili wanashikana mikono, yeye anakaa katikati. Mimi nitashika mgongo asianguke nyuma. Mama, wewe una nguvu kunishinda."

Mume wangu alimtazama mama, akatazama chini. "Samahani, mama," akasema.

"Shika, baba," mama akajibu. "Jabali halijui mkwe."

Wakashikana viganja na vifundo vya mikono, mikono minne imefumana, nikakaa juu yake. Nilizungusha mkono wangu mzima kwenye shingo ya mama na ule mwingine mume wangu akaubana kwa kidevu. Tukashuka hatua kwa hatua, jirani akishika mgongo wangu na kuwaelekeza, "Mguu wa kushoto, mama. Hapo pana utelezi, baba." Nilisikia mikono yao ikikazana chini yangu kwa uzito. Hawakuachiana mpaka waliponiweka kwenye kiti. Hata hapo walichelewa kidogo.

Jirani alirudi juu na kanga akaleta mayai. Mama alikuwa amemwagiza aache machache, maana kuku akikuta kiota kimekombwa chote atahama, na kazi itaanza upya. Tukajaza beseni maji, tukayatia moja moja. Yaliyozama tukayaweka pembeni, yaliyoelea, yaani yaliyooza, tukayatupa mbali kabla hayajapasuka. Yaliyozama yalikuwa mengi. Mama akamfungia jirani sehemu yake kwenye kanga ileile, pamoja na senene waliobaki kwenye kopo, na habari ya mbwa haikutajwa tena.

Na kwa nini kuku alikwenda huko? Hilo alilipata mume wangu. Jioni ileile alichutama mbele ya kibanda, akakitazama kwa muda, akasema, "Mama, kosa ni la hapa. Geti linafunguliwa na kufungwa kutwa. Halafu mimi najaribia injini zangu hapa hapa. Na mwanga unaingia mpaka kwenye sanduku. Nani angezaa mahali kama hapa?"

"Kweli," akasema mama. "Kuku anataka giza na utulivu."

Wakakihamishia kibanda nyuma, karibu na minyaa. Yeye akapigilia misumari, mama akashikilia mbao, wakatundika gunia mlangoni liwe pazia. Mimi nilikaa nikiwatazama wakibishana kuhusu upana wa tundu. Baada ya muda kuku akaanza kutaga humo, si kila siku. Siku nyingine alipanda kwake juu, na mimi nikamfuata. Ndiyo yaliyokuwa mazoezi yangu. Mtaalamu wa hospitali aliponiona tena aliuliza nimefanya nini, nikamwambia, kwa ulimi wangu wa polepole, kwamba nafuga kuku. Akaandika.

Nilikula mayai yale ya kuchemsha na ya kukaanga, na moja mama aliniletea bichi limekorogwa na asali, nikalinywa kwa utii. Sijui ni yai, ni mlima, ni kucheka, au ni neema ya Mungu peke yake. Nimeacha kuvitenganisha.

Kabla mama hajarudi Bukoba nilikwenda naye kanisani kutoa shukrani. Kwetu mtu akishukuru husimama mbele, hueleza, na sadaka yake ya vitu hunadiwa baada ya ibada. Mimi nilikuwa na kikapu cha mayai. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini nilipogeuka nikaona nyuso zile zote, yakanipotea. Mzee wa kanisa akanisogezea kipaza sauti, akasema taratibu, "Tunakusubiri, mwalimu. Hatuna haraka."

Nikasema, "Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu. Namshukuru mume wangu." Ilichukua muda. Hakuna aliyenimalizia neno hata moja, na hakuna aliyekohoa.

Mnadani mama mmoja nisiyemfahamu, aliyekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni, alishindana na wanaume wawili mpaka akakipata kikapu. Akaja nacho moja kwa moja, akapiga goti kidogo, akakiweka mikononi mwangu. "Ni ya kwako, mwalimu," akasema. "Rudi nayo, ukawapikie nyumbani." Nilimwambia ahsante, akaitikia karibu, akaenda zake. Sikumwuliza ni nani. Mume wangu alitaka kuita bajaji, nikakataa. Tukaenda kwa miguu, watu watatu na kikapu, tukisimama kila nilipochoka.